Kabla hujanunua mashine ya kukaushia nguo, uliza bomba lake litatokea wapi

Njombe mwezi wa Juni nguo haikauki. Inaanikwa asubuhi, inageuzwa mchana, na jioni inaingizwa ndani ikiwa na unyevu uleule ilioanza nao, pengine na zaidi, kwa sababu ukungu ukishuka unailowesha upya. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Mei na Agosti usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Mtu mzima anaweza kurudia suruali siku tatu, akavaa koti juu, na hakuna atakayejua. Mtoto wa nepi hawezi.

Wakiwa wawili, waliozaliwa siku moja, hesabu inakuwa nyingine kabisa. Familia moja ya hapo mjini ilipata mapacha mwishoni mwa Machi. Wana majina yao ya ubatizo, lakini mtaani ni Kulwa na Doto kama mapacha wote, na wazazi wao ni Mama Kulwa na Baba Kulwa. Pampasi zilikuwa za usiku na za safari tu. Mchana zilikuwa nepi za kitambaa, kwanza kwa sababu ya fedha, pili kwa sababu ngozi ya Doto ilikuwa inachubuka. Nepi 20 kwa siku, ukiacha mbeleko, mashuka na sare ya kaka yao wa miaka mitano, ambaye ni mpenzi mkubwa wa matope.

Kufika Mei nyumba nzima ilikuwa kamba. Sebuleni kamba, koridoni kamba, juu ya dirisha la jikoni kamba. Jioni jiko la mkaa lilisogezwa chini ya nguo, madirisha yakafungwa kwa ajili ya baridi, na Bibi, mama mzazi wa Baba Kulwa aliyekuja kulea wajukuu, alikaa kwenye kigoda akigeuza nepi moja moja kama mtu anayechoma mahindi. Hilo la jiko ndani ya madirisha yaliyofungwa lina mahali pake huko mbele.

Baba Kulwa anafanya biashara ya viazi. Malori ya viazi huenda Dar es Salaam yamejaa na hurudi yakitafuta mzigo, kwa hiyo usafiri haukuwa tatizo. Katika safari moja alipita kwenye duka la vitu vya mtumba vilivyotoka Uingereza, akaona mashine ya kukaushia nguo kwa shilingi 350,000. Muuzaji akachomeka waya, pipa likazunguka, hewa ya moto ikapuliza, biashara ikaisha. Nyuma ya mashine palikuwa na tundu la duara, mdomo wake kama wa kopo la maziwa ya unga. Muuzaji hakulizungumzia na mnunuzi hakuliuliza.

Mama Kulwa alipowaambia majirani kwamba ameletewa draya, wawili walimuuliza saluni anafungua lini.

Mzazi anayefikiria kununua mashine ya aina hii ya mtumba, hasa iliyotoka Uingereza, ana jambo la kulijua kabla ya kutoa fedha. Novemba 2015 kampuni ya Whirlpool ilitangaza huko kwamba baadhi ya mashine za kukaushia nguo zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015, zilizouzwa kwa majina kama Hotpoint, Indesit na Creda, zilikuwa na kasoro. Pamba laini inayochambuka kutoka kwenye nguo iliweza kufika kwenye hita na kushika moto. Zilikuwa mamilioni. Agosti 2016 moto ulizuka katika ghorofa refu la makazi magharibi mwa London, na chanzo kikabainika kuwa mashine ya Indesit iliyokuwa kwenye orodha hiyo. Mwaka 2019 ukatolewa wito wa kuzirudisha zote ambazo zilikuwa bado hazijarekebishwa. Zilizorekebishwa zilibandikwa kibandiko cha duara la kijani, nyuma ya mashine au kwenye ukingo wa ndani wa mlango. Hakuna anayesimama bandarini kukagua kibandiko cha kijani. Ukikutana na mashine yenye moja ya majina hayo na ya miaka hiyo, kitafute mwenyewe, na usipokiona, iache hapo hapo dukani hata kama bei inatabasamu.

Ya Baba Kulwa haikuwa ya kundi hilo. Kibandiko chake kilisema volti 230, hezi 50, wati 2,500, yaani umeme uleule wa Tanzania, na plagi yake ilikuwa ya pini tatu nene zinazoingia kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13. (Zile kubwa za Marekani ni habari nyingine. Nyingi zinakula zaidi ya wati 5,000 na zinataka laini yao peke yake, na zipo zinazotumia gesi badala ya hita ya umeme. Hizo za gesi zikikosa bomba la kwenda nje, zinamwaga hewa ya sumu ndani ya nyumba.) Kabla ya kuiwasha, fundi wa friji wa mtaani aliichomoa, akafungua bati la nyuma na kutoa pamba ya kijivu ya kujaza mto wa mtoto. Ilikuwa pamba ya nguo za watu wengine, ya miaka mingi. Akabadilisha na mkanda wa kuzungusha pipa uliokuwa umechakaa. Hiyo ilikuwa kazi nzuri, na iligharimu kidogo kuliko nauli ya lori.

Mashine ikawekwa koridoni, kati ya jiko na chumba cha watoto, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na soketi isiyotumiwa na kitu kingine. Fundi alikataza kabisa kuichomeka kwenye ekstensheni pamoja na televisheni na chaja za simu. Umeme wa ampea karibu 11 kwa saa nzima unachemsha waya mwembamba.

Usiku wa kwanza ulikuwa sikukuu. Nepi zilitoka za moto, laini, zinanukia kitambaa tu. Bibi aliiweka moja shavuni akakaa nayo kimya. Alikulia ukanda wa joto kando ya Ziwa Nyasa, na maisha yake yote amepiga pasi nguo za watoto pande mbili kwa kumwogopa yule inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, ambaye funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto. Kwa Njombe hofu hiyo ni ndogo, lakini mkono wake haujui kwamba umehama. Joto la mashine, kama la pasi, linamaliza mayai hayo. Siku hiyo pasi ilipumzika.

Wiki ya pili kioo cha dirisha la koridoni kilianza kulia. Maji yalitiririka asubuhi mpaka kwenye kizingiti. Wiki ya tatu kona ya chumba cha watoto, juu kabisa karibu na dari, ikatokeza madoa meusi kama mtu amepiga kidole chenye masizi. Kulwa akaanza kukohoa usiku. Mafua, wakasema, ni Juni. Kliniki muuguzi alimsikiliza kifua, akamgeukia mama: "Nyumbani kuna ukungu ukutani, mama?"

Watu wengi hudhani mashine hii ni oveni ya nguo, kwamba joto ndilo linalokausha. Joto linafanya nusu ya kazi. Mashine inavuta hewa ya chumba, inaipasha moto, inaipitisha kwenye nguo zinazozunguka, hewa inabeba maji, kisha feni inaisukuma kwenye lile tundu la nyuma. Pasipo bomba, maji yote yaliyokuwa kwenye nepi yanahamia kwenye nyumba. Si kidogo. Kilo tano za nguo za pamba zilizokamuliwa kwa mkono zinaweza kubeba maji yanayokaribia uzito wake wenyewe. Zikikamuliwa kwa mashine ya kufulia inayozungusha kwa kasi, zinabaki na takriban nusu ya hapo. Kwa hiyo kila mzigo ulikuwa unamwaga lita mbili na nusu, wakati mwingine zaidi, kwenye hewa ya koridoni iliyofungwa. Familia ilikausha mizigo miwili kwa siku. Hata ungewasha sufuria ya maji ichemke mpaka ikauke, mara mbili, mlangoni pa chumba cha watoto wa miezi mitatu, usingefanya tofauti kubwa.

Na mashine yenyewe ilikuwa inajinyima. Hewa iliyotoka imelowa ilivutwa tena ndani, ikapashwa moto tena, na hewa iliyoshiba maji haibebi mengine. Mzigo uliopaswa kuisha kwa saa moja na dakika 20 ulikwenda saa mbili na zaidi. Baba Kulwa alikuwa anasoma mita ya LUKU kabla na baada, kama kawaida ya watu wa biashara, na alikuta uniti tano zinakwenda kwa mzigo mmoja.

Zipo mashine zisizohitaji bomba, zinazogeuza mvuke kuwa maji na kuyakusanya kwenye chombo cha kumwaga. Kwa mtu wa nyumba ya kupanga asiyeweza kutoboa ukuta, hizo ndizo za kutafuta. Ila za mtumba za aina hiyo ni ghali zaidi na mafundi wake ni wachache, na chujio zake zina tabia ya kuziba. Ya Baba Kulwa ilikuwa ya bomba, na bomba ndilo lililokosekana.

Wazo la kwanza la Baba Kulwa lilikuwa kulipandisha darini. Ni karibu, halionekani, halitoboi ukuta wa nje. Fundi akamtazama. "Bosi, unataka kupika dari?" Hewa ile yenye maji ingegonga bati la paa lenye baridi, ingegeuka matone, ingelowesha mbao na waya za umeme, na pamba ingejikusanya huko juu mahali ambapo hakuna mtu anayepanda. Mzazi ukisikia fundi yeyote akikushauri kulipeleka bomba darini, mlipe nauli arudi kwao.

Likatobolewa tundu kwenye ukuta wa tofali za kuchoma, nyuma ya mashine. Bomba lilitengenezwa na mafundi bati wa sokoni, walewale wanaotengeneza majiko na mifereji ya mvua. Lilikuwa bati laini ndani, upana wa sentimita 10, urefu usiofika mita mbili, kona moja tu. Maungio yalifungwa kwa utepe wa alumini, si kwa skrubu, maana ncha ya skrubu ikichungulia ndani ya bomba inanasa pamba. Yale mabomba ya plastiki ya kukunjika kama kinanda ni rahisi kufunga, lakini kila mkunjo ni kitanda cha pamba, na plastiki yenyewe inaungua. Bomba lilielekezwa chini kidogo kuelekea nje. Huo ni ujanja wa watu wa baridi: hewa ya moto ikikutana na bati la baridi inaacha matone, na matone yasipopewa njia ya kwenda nje yanarudi ndani ya mashine yenye umeme.

Siku ya kwanza ya bomba, uniti tatu. Saa moja na dakika 20. Kioo cha koridoni kikavu. Nje, nyuma ya nyumba, mvuke ulikuwa unatoka ukutani kama pumzi ya ng'ombe asubuhi. Madoa ya chumbani yakafutwa, ukuta ukapakwa upya, na kikohozi cha Kulwa kikapungua wiki hadi wiki mpaka kikasahaulika.

Lakini fundi, kwa nia njema kabisa, alikuwa amefunga wavu wa mbu kwenye mdomo wa bomba huko nje. Panya wasiingie. Ni mtu gani wa Tanzania angemlaumu?

Baada ya wiki tatu nepi zilianza kutoka za moto lakini mbichi. Muda ukarudi kuwa saa mbili. Mgongo wa mashine ulikuwa hauguswi. Jioni moja palisikika harufu ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi, kisha mashine ikazima. Baba Kulwa alikwenda kutazama LUKU, akakuta uniti zipo. Mashine ilikuwa imejizima yenyewe. Ndani yake kuna swichi ya usalama inayokata umeme joto likipita kiasi, na siku hiyo ilifanya kazi. Mashine ya mtumba ina miaka, na swichi yake ina miaka ileile. Haifai kumtegemea mlinzi mmoja mzee.

Nje wavu haukuonekana. Palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi la kijivu, kinene, kimeziba mdomo wote. Baba Kulwa alikibandua na kukiweka pembeni. Bibi, ambaye hatupi kitu, alikichukua kwenda kuwashia jiko. Alitia kiberiti, na ule mpira wa pamba ukashika wote kwa mara moja, kama umemwagiwa mafuta ya taa, ukaisha kabla hajarudisha mkono. Baba Kulwa alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Kitu hichohicho, kikavu na chenye joto, kilikuwa kimejaa kwenye bomba hatua tano kutoka kwenye vitanda vya wanawe.

Huko Marekani, ambako mashine hizi zimo karibu kila nyumba, Mamlaka ya Zimamoto ilikadiria kuwa moto wa majumbani unaoanzia kwenye mashine za kukaushia nguo unafika 2,900 kwa mwaka, na sababu iliyoongoza ilikuwa watu kutozisafisha. Hitilafu za umeme hazikuwa za kwanza. Ilikuwa pamba.

Wavu uliondolewa, na mahali pake pakawekwa kifuniko chepesi cha bati chenye bawaba juu. Mashine ikipuliza kinanyanyuka, ikinyamaza kinaanguka na kufunga, na panya akija anakuta mlango. Chujio lililo mlangoni mwa mashine linasafishwa kila mzigo, bila kusubiri lijae. Kaka mkubwa amepewa kazi hiyo chini ya macho ya mama yake, na anaipenda, kwa sababu pamba inayotoka hubadilika rangi kufuatana na nguo. Bomba linachunguliwa kila Jumamosi. Nyuma ya mashine panafunguliwa na fundi kila baada ya miezi kadhaa, ikiwa imechomolewa. Na haiwashwi watu wakiwa wamelala au wametoka. Mama Kulwa aliipinga hiyo mwanzoni, kwa kuwa usiku ndio muda wake pekee. Akahamishia mzigo wa pili alfajiri.

Palikuwa pamebaki jambo moja, na hilo hakuna fundi aliyeligundua. Aligundua Bibi, kwa pua.

Ilikuwa Julai, saa mbili usiku. Jikoni, ndani ya nyumba, maharage yalikuwa juu ya jiko la mkaa, moto umefunikwa majivu yaive taratibu, kama inavyofanyika katika nyumba nyingi. Madirisha yote yamefungwa. Mashine inazunguka. Bibi alikuwa chumbani anambembeleza Doto, mlango wazi kidogo.

"Mama Kulwa," akaita, "umeleta maharage huku?"

"Hapana, mama. Yapo jikoni."

"Mbona yananukia hapa kitandani?"

Mzigo ukaisha, mashine ikanyamaza, harufu ikapotea. Mzigo wa pili ukaanza, harufu ikarudi. Bibi akamwita mwanawe. Baba Kulwa aliwasha kijiti cha kiberiti mlangoni mwa jiko, akakizima, akakishika wima. Moshi wake haukupanda. Ulilala, ukaelekea koridoni kama umeitwa.

Hewa inayotoka nje lazima ilipwe na hewa nyingine. Mashine ya aina hii inaweza kusukuma nje zaidi ya mita za ujazo 100 za hewa kwa saa. Chumba cha mita tatu kwa tatu kina hewa ya mita za ujazo 25 hivi, kwa hiyo mashine inakunywa vyumba vinne kila saa, na inavuta kutoka popote penye upenyo. Katika nyumba ile iliyofungwa kwa ajili ya baridi, upenyo ulikuwa mlango wa nje wa jikoni, ambao una nafasi chini. Hewa ikaingia hapo, ikapita juu ya mkaa, ikaenda koridoni na mlangoni mwa chumba cha watoto. Kabla ya bomba jiko lilichafua jikoni zaidi. Baada ya bomba, mashine ilikuwa inaisafirisha hewa ya mkaa.

Mkaa unapowaka, hasa ukifunikwa majivu, hutoa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, mwili unalegea, anadhani ni uchovu, anakwenda kulala, na kulala ndiko kunakomuua. Mtoto mchanga anapumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo anaivuta haraka zaidi, na hawezi kusema kichwa kinamuuma. Bahati yao usiku ule ilikuwa maharage. Kama harufu ya chungu ilifika kitandani, kile kisicho na harufu kilikuwa kimefuatana nayo.

Hapo ndipo wote watatu walipokumbuka Mei, kamba sebuleni, jiko chini ya nepi, madirisha yamefungwa, Bibi kwenye kigoda. Mama Kulwa alikumbuka kwamba alikuwa anaumwa kichwa karibu kila usiku mwezi ule, na kwamba alilaumu kunyonyesha wawili. Bibi alikumbuka jioni moja alipoinuka akayumba, akashika ukuta, akasema ni uzee. Hawakuongea sana.

Jiko limehamia kwenye banda nje. Bibi analalamika baridi, lakini ndiye wa kwanza kulibeba. Ndani kumebaki jiko dogo la gesi, nalo haliwashwi mashine ikiwa inafanya kazi. Dirisha la mwisho wa koridoni, upande wa mbali na jikoni, linaachwa wazi upana wa kiganja kila mzigo unapozunguka, ili mashine ipate pa kuvutia hewa safi. Nyumba zenye bomba la moshi zina tahadhari ileile: mashine inaweza kuuvuta moshi ushuke badala ya kupanda. Na mtu yeyote akianza kuumwa kichwa na kulegea ndani ya nyumba yenye mkaa unaowaka, kila mmoja anatoka nje kwanza, watoto mikononi, kisha hospitali. Kuzima jiko baadaye.

Mambo mengine ni madogo, ingawa si ya kudharau. Nguo zenye mafuta haziingii mpaka zifuliwe sawasawa kwa maji ya moto na sabuni. Mapacha hupakwa mafuta ya nazi kila siku, na kitambaa chenye mafuta kikirundikwa cha moto kinaweza kujipasha chenyewe mpaka kuwaka. Ndiyo maana dakika za mwisho mashine huzungusha bila joto, na ndiyo maana haifai kuikatiza njiani na kuacha nguo humo. Halafu kuna kaka. Alipatikana mguu mmoja ndani ya pipa wakati wa kombolela, akiwa na uhakika kwamba hapo hakuna atakayemwona. Tangu siku hiyo mlango unafungwa kwa mkanda wa juu asioufikia, na plagi inachomolewa.

Gharama? Uniti tatu kwa bei ya kawaida ya majumbani ni zaidi kidogo ya shilingi 1,000 kwa mzigo. Mzigo mmoja kila siku ni uniti 90 kwa mwezi. Familia iliyo kwenye kundi la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, itatolewa kwenye bei nafuu na mashine hii peke yake. Hilo muuzaji hasemi. Kinachopunguza gharama kuliko kitu chochote ni kukamua. Baba Kulwa alinunua mashine ndogo ya mtumba ya pipa mbili, ya kufulia na kukamulia. Dakika tano za kukamua zinakula umeme kidogo sana, na zinaondoa maji ambayo hita ingehangaika nayo nusu saa. Kwa ukweli, nyumba nyingi za Dar es Salaam au Morogoro zingetosheka na hiyo ya kukamulia na kamba yenye jua. Mashine ya kukaushia ni ya Njombe, Makete, Mufindi, na mahali pengine ambako jua linakuja kusalimia tu. Hata huko, ikitoka siku ya jua, Mama Kulwa huanika nje.

Bomba lote, yaani bati, utepe, kutoboa ukuta na ufundi, lilikuwa shilingi 60,000. Mwezi uliopita mwalimu wa jirani, mwenye mtoto wa miezi miwili, alikuja kuulizia mashine kama hiyo inapatikana wapi. Baba Kulwa akaanza kutafuta namba ya simu ya duka. Bibi alikuwa ameshamshika mgeni mkono, anampeleka nyuma ya nyumba kumwonyesha kifuniko cha bati, na njiani anamuuliza maharage yake anapikia wapi.